Kompyuta Mpya Isitutupishe Mbachao

Kila tukutanapo na walimu wa maskuli yetu, au na maofisa wenye dhamana ya vifaa vya serikali, swali moja halikosi kuzuka: je, zile kompyuta ndogo za bodi moja aina ya Raspberry Pi 4 tulizonazo tuziweke kando, tununue Raspberry Pi 5? Wapo wanaouliza kwa hamu, kwa kuwa wamesikia sifa. Wapo wanaouliza kwa wasiwasi, kwa kuwa wanajua kwamba fedha ni za umma na kwamba hazijapata kutosha. Sisi tunaliona swali hili kuwa ni la haki, na linastahili kujibiwa kwa hesabu na hoja, si kwa shangwe wala kwa woga.

Tuanze na kitu chenyewe, tusije tukabishana juu ya jambo ambalo baadhi yetu hatujalitia machoni. Kompyuta ya bodi moja ni kompyuta kamili iliyokusanywa juu ya kibao kimoja chenye ukubwa wa kadi ya benki. Prosesa, kumbukumbu, na matundu ya kuchomekea skrini, kibodi na waya wa mtandao, vyote vimo humo. Kasha, skrini na kibodi hujitafutia mnunuzi mwenyewe. Ile ya kwanza ilitoka tarehe 29 Februari, 2012, katika mji wa Cambridge, Uingereza, kwa bei ya dola 35 za Marekani. Waliyoibuni, akiwemo Bwana Eben Upton, hawakukusudia kumwongezea tajiri chombo cha kuchezea. Waliona kwamba vijana waliokuwa wakija kusomea kompyuta katika chuo kikuu hawakuwa tena na ule uzoefu wa kuandika programu waliokuwa nao vijana wa miaka ya 1980, waliokulia mbele ya mashine kama BBC Micro. Wakaazimia kwamba mtoto apewe mashine ya bei ndogo, aijaribu, aikosee, aianze upya, na kwa njia hiyo ajifunze. Hiyo ndiyo asili ya chombo hiki. Tunaomba asili hiyo isisahauliwe katika yote tutakayoyasema hapa, kwani ndiyo mizani ya kupimia.

Raspberry Pi 4 ilitoka mwaka 2019. Ya tano ilitangazwa mwezi Septemba 2023. Mwenye haki mpe haki yake: hatua iliyopigwa si ndogo. Prosesa ya ile ya nne ilianza na mwendo wa gigahezi 1.5, ya tano inakwenda kwa gigahezi 2.4, tena ni ya kizazi kipya zaidi, hata watengenezaji wakasema kwamba kazi zake ni za kasi mara mbili hadi tatu kuliko za ile ya kabla yake. Chembe inayosimamia matundu ya nje, iitwayo RP1, wameibuni wenyewe, na kwa ajili hiyo matundu mawili ya USB ya kasi kubwa yanaweza kufanya kazi kwa pamoja bila ya moja kumpokonya mwenzake. Kimewekwa kiungo cha PCI Express, ambacho kwa kibao cha nyongeza huwezesha kufunga diski imara ya kisasa. Bodi hii huendesha skrini mbili, na kamera mbili pia.

Lakini katika sifa zote hizo, mbili zinazotugusa sisi watu wa visiwani ni zile ambazo wauzaji huzitaja mwisho. Ya kwanza ni swichi ya kuzimia. Kompyuta zilizotangulia katika safu hii kuu ya bodi hazikuwa nayo. Mtoto asiyesubiri huchomoa waya, na waya ukichomolewa wakati kadi ya memori inaandikwa, kadi huharibika na kazi ya wiki nzima hupotea. Ya pili ni saa. Bodi za nyuma hazikuwa na saa yenye betri. Pakiwa na intaneti, kompyuta huuliza wakati huko. Pasipokuwa na intaneti, ikiwashwa huendelea na saa ile iliyokuwa nayo ilipozimwa. Sasa ofisa na afikirie daftari la mahudhurio, au kumbukumbu za dawa katika kituo cha afya cha kijijini, zikiandikwa na mashine inayodhani kwamba leo ni Jumatatu ilhali ni Alhamisi. Raspberry Pi 5 ina saa yake, na mahali pa kuunganisha betri ndogo ya kuiweka hai umeme unapokatika. Betri hiyo, hata hivyo, huuzwa peke yake. Anayeagiza bodi akaisahau betri, amenunua saa isiyotembea.

Na hapo ndipo tunapoingia katika mlango wa pili wa makala haya, yaani madai ya chombo kipya. Kila mgeni huja na mahitaji yake, na mwenyeji mwenye busara huyauliza kabla ya kumkaribisha.

Dai la kwanza ni umeme. Bodi hii hutaka chaja ya volti 5 na ampea 5. Chaja ya ile ya nne ni ya ampea 3. Ukiitumia chaja ya zamani, bodi mpya itawaka, lakini itaubana umeme unaokwenda kwenye matundu ya USB, kiasi kwamba diski ya nje huenda ikakataa kuzunguka. Fundi asiyelijua hilo atasema diski ni mbovu. Atanunua nyingine, nayo itakataa vile vile.

Dai la pili ni joto. Prosesa yenye nguvu huchemka, na inapopindukia nyuzi 80 za Sentigredi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Kwa hivyo inahitaji bati la kupozea lenye feni. Katika chumba cha skuli chenye paa la bati, mwezi wa Februari, hapo hapana hiari. Anayenunua kasi bila ya feni amelipia mbio ambazo farasi wake hatazikimbia. Nayo feni, kwa pepo zetu zenye vumbi na chumvi ya bahari, inataka mtu wa kuifuta na kuitazama.

Dai la tatu ni vile vilivyoondolewa na vilivyobadilishwa. Tundu la duara la kuchomekea spika za masikioni halimo tena. Mwalimu wa lugha ambaye wanafunzi wake husikiliza matamshi kwa spika hizo, itambidi atafute za USB au zisizo na waya. Mpangilio wa matundu umegeuzwa, hivyo kasha la zamani halitaingia. Waya wa kamera wa zamani hauingii bila ya kubadilishwa. Kadi ya memori iliyotayarishwa kwa mfumo wa zamani haitaiwasha bodi mpya. Lazima mfumo mpya upakiwe. Aidha, walimu wanaowafundisha watoto kuwasha taa na kusoma vipimo kwa zile pini 40 watakuta kwamba maktaba ya RPi.GPIO haifanyi kazi juu ya chembe ile ya RP1, na programu zilizoandikwa kwayo huenda zikahitaji kurekebishwa. Hayo si maafa, lakini ni siku za kazi za mwalimu, na siku za mwalimu nazo ni gharama ingawa hazionekani katika hati ya malipo.

Sasa na tufanye hesabu. Ilipotoka mwaka 2023, bodi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 iliuzwa dola 60. Chaja yake dola 12. Feni yake dola 5. Jumla dola 77, kabla ya kadi, kasha, usafiri na ushuru. Kwa hiyo yule aliyekwenda kikaoni akasema kwamba kompyuta ni dola 60, hakusema uongo, lakini pia hakuwaambia wenzake bei. Na bei zenyewe hazikai mahali pamoja. Mwaka 2024 ilitoka ya gigabaiti 2 kwa dola 50, jambo la kuwafaa wanyonge. Lakini mwezi Desemba 2025 kampuni ilitangaza kupandisha bei za bodi nyingi, kwa sababu chembe za kumbukumbu zimekuwa ghali ulimwenguni.

Tuseme skuli ina kompyuta kumi za aina ya nne, zote nzima, na imepata dola 770. Ikizitoa zote kumi na kuweka kumi mpya, viti vitabaki kumi vile vile. Mtoto aliyekuwa akisimama nyuma ya wenzake watatu kuchungulia skrini, ataendelea kusimama. Tofauti ni kwamba sasa atachungulia skrini inayofunguka upesi zaidi. Lakini skuli hiyo ikizibakisha zile kumi na kuongeza vyombo vipya kando yake, viti vitaongezeka. Ni kweli kwamba skrini na kibodi zitahitajika, na hizo nazo zina bei. Lakini kila shilingi itakayotumika itakuwa imempa mtoto mmoja mahali pa kukaa. Sisi tunasema wazi: pale ambapo watoto wanne wanagombania kibodi moja, upungufu ulio mbele yetu si wa gigahezi.

Watakuwepo watakaotujibu kwamba watoto wa visiwani nao wanastahili kilicho bora, na kwamba maneno kama haya ndiyo yanayowaweka nyuma. Hoja hiyo tunaiheshimu, kwani hatuna haja ya kufundishwa hatari ya woga. Mwaka 1974 Serikali ya Muungano ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya Hazina kuingia hasara na mfumo wake wa hesabu. Yalikuwa na sababu zake, lakini nchi ililipa kwa miaka mingi kwa kukosa mafundi. Na visiwa hivi, katika miaka hiyo hiyo, vilikuwa tayari na televisheni ya rangi, ilhali wenzetu wa Bara walisubiri hadi miaka ya 1990. Hatukuwa watu wa kukimbia kitu kipya, na hatupendi tuwe hivyo leo.

Hata hivyo, kosa la Hazina ya siku zile halikuwa kununua mashine. Kosa lilikuwa kununua mashine kabla ya kuwa na watu wa kuiendesha na kabla ya kuipangia kazi yake. Marufuku yaliyofuata yaliitibu homa kwa kumnyima mgonjwa chakula. Sisi hatutaki homa ile wala dawa ile.

Tunakumbuka kufika katika skuli moja, ambayo hatuitaji kwa kuwa haikuwa peke yake, tukaoneshwa chumba kizuri chenye meza mpya na bodi za wafadhili zikiwa bado katika mabahasha yake. Tulipouliza, tukaambiwa kwamba chaja zilizoletwa hazikuwa zenyewe, na aliyekuwa akijua kuzitayarisha kadi amehamishwa. Ufunguo wa chumba alikuwa nao mtu mmoja, na siku ile hakuwepo. Wanafunzi walitusindikiza hadi langoni. Mmoja akatuuliza kama sisi ndio tuliokuja kufungua. Swali lile lingali masikioni mwetu, na kwa kweli ndilo lililotusukuma kuandika maneno haya.

Yako na ya umeme, ambayo mtu wa visiwani haambiwi na mtu. Mwezi Mei 2008 Unguja iliingia gizani kwa muda wa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 umeme ukakatika tena, usirudi ila Machi 2010. Pemba nayo ilitegemea majenereta ya dizeli hadi ilipounganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010. Mwaka 2013 Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100, na hali ikatengenea. Lakini kukatika kwa dakika tano, kunakotosha kuua kadi ya memori, kungaliko. Kwa kazi ile ile, bodi mpya hutumia umeme mdogo kuliko ya zamani. Inapofanyishwa kazi kwa nguvu zake zote, hata hivyo, hufikia kiasi cha wati 12, ambapo ya nne hufikia 8. Kwa skuli inayotegemea sola na betri, bodi kumi zikifanya kazi nzito kwa pamoja, tofauti ni wati 40. Anayepanga sola na azitie wati hizo katika hesabu yake kabla ya kuagiza.

Basi ni nani abadilishe, na nani asibadilishe? Rai yetu ni hii. Chumba ambacho watoto wanajifunza kuandika barua, kutengeneza michezo kwa Scratch, kuandika programu kwa Python, au kuwasha taa kwa pini, hakihitaji kubadilishwa. Raspberry Pi 4 inaitosha kazi hiyo, na hata ya tatu inaimudu. Kampuni yenyewe imeahidi kuendelea kuitengeneza ya nne hadi angalau mwaka 2034. Hivyo si kweli kwamba anayebaki nayo amebaki na maiti.

Kinyume chake, ile kompyuta moja inayohudumia chumba kizima, inayohifadhi vitabu, masomo na kamusi kwa programu kama Kolibri au Kiwix ili wanafunzi wasome bila ya intaneti, hiyo inastahili kuwa ya tano. Hapo watu thelathini wanaomba kwa wakati mmoja, hapo diski imara ina maana, hapo saa na swichi vina faida ya kila siku. Kadhalika ofisi inayotaka kuitumia bodi kama kompyuta ya mezani, kufungua kurasa nzito na nyaraka nyingi, itaiona tofauti siku ya kwanza. Na anayeanza upya, asiye na kitu, na aanze na ya tano pamoja na vyote vinavyoifuata, kwani hana mbachao wa kuuacha.

Wahenga walipotuonya tusiache mbachao kwa msala upitao, hawakutwambia mbachao usishonwe. Raspberry Pi 4 inaweza kuwashwa kwa diski imara iliyochomekwa katika tundu la USB, ikaepukana na ubovu wa kadi. Inaweza kutiwa saa ndogo yenye betri juu ya pini zake, kwa fedha kidogo sana. Inaweza kufundishwa, kwa programu fupi na kitufe cha kawaida, kuzimika kwa adabu. Na kitufe hicho wanafunzi wenyewe wanaweza kukifunga, likawa somo bora kuliko lolote lililomo kitabuni. Mtoto aliyeipa kompyuta saa yake, huyo hatasubiri mtu aje kumfungulia chumba.

Tunazo nasaha kwa wakubwa wetu wa serikali, khasa wale wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali na wale wa manunuzi. Kwanza, hati ya kuagiza isitaje bodi peke yake. Itaje chaja ya ampea 5, feni, betri ya saa, kadi au diski, na akiba ya vipuri. Pili, pasinunuliwe kifaa chochote kabla ya kutajwa kwa jina kazi yake na mtu wake, na mtu huyo asiwe mmoja, ili uhamisho wake usifunge mlango. Tatu, bodi zinazotolewa mjini zisiingie ghalani. Zisafishwe, zijaribiwe, na zipelekwe Kojani, Tumbatu na kwingineko ambako hazijafika, kwani kilicho cha zamani Mjini ni kipya kwa asiyekuwa nacho. Nne, tusiweke matumaini yetu yote kwa muuzaji mmoja. Kati ya mwaka 2021 na 2023 ulimwengu mzima ulikosa chembe, bodi hizi zikawa adimu, na mwezi Oktoba 2021 kampuni ikapandisha bei kwa mara ya kwanza katika historia yake. Wenye viwanda walihudumiwa mbele. Mnunuzi mdogo akasubiri. Nasi ni wanunuzi wadogo. Anayejua kwamba pepo zitageuka hutweka mapema.

Kwa walimu na wazazi tunasema: msione haya kwa kuwa na chombo cha mwaka 2019. Aibu ni chombo cha mwaka wowote kilicho ndani ya bahasha. Ulizeni viongozi wenu idadi ya viti, idadi ya saa ambazo chumba kiko wazi, na idadi ya watoto walioandika programu yao wenyewe muhula huu. Maswali hayo matatu yatawaeleza zaidi kuliko namba iliyochapwa juu ya bodi.

Kupanga ni kuchagua, na fedha ya umma haichaguliwi kwa mng'aro wa bidhaa. Raspberry Pi 5 ni chombo kizuri, na tunaikaribisha kwa furaha pale penye kazi yake. Lakini kabla ya kuagiza hata moja, na aje mwenye ufunguo, afungue vile vyumba vilivyofungwa. Pengine tutakuta kwamba nusu ya tunachokitafuta sokoni tunacho ndani.